Mizinga Yote Chini ya Kengele

Kazi yangu ni kuonja asali. Wapo watakaosema hiyo si kazi, na wengi wao ni ndugu zangu. Kiwanda chetu kidogo cha Tabora mjini huchuja na kufungasha asali inayoletwa kwa ndoo kutoka misitu ya kusini, na ndoo ikifika mimi ndiye ninayefungua kifuniko. Kipo kipimo cha unyevu, kidude cha kuchungulia kwa jicho moja, nacho nakitumia kwa sababu makaratasi yanakitaka. Lakini kabla ya kipimo ni kidole. Kidole nilifundishwa na baba yangu, mrina asali wa Ipole. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinifumbisha macho, ananidondoshea tone ulimini, anauliza: hii ya wapi? Ya miyombo au ya migunga ya mbugani? Nikikosea sipati tone la pili. Nilijifunza haraka, maana nilikuwa mlafi.

Mwenye kiwanda tunamwita Hajji. Ni mtu wa mji hasa, ukoo wa wafanyabiashara, na babu yake alikuwa akinunua nta hapahapa na kuipeleka pwani kwa vichwa vya wapagazi. Hajji hupenda kutukumbusha kwamba katika safari ile yote, miezi kwa miezi kwa miguu, hakuna mtu aliyemuuliza babu yake nta ile imetoka kwenye mti gani. Alianza kuikumbuka habari hii mwaka tulipopata mnunuzi wa ng'ambo. Mnunuzi alitaka vitu viwili, asali na uwazi. Asali tulikuwa nayo.

Uwazi ukaletwa kutoka Dar es Salaam na kijana mmoja nadhifu, viatu vyeupe, kishikwambi mkononi, ambaye sote tulimwita Mtaalamu. Siku ya kwanza alitukusanya chumba cha kufungashia, akatuambia kwamba sisi ni wadau. Mimi nilikuwa nimejiona mwajiriwa miaka yote hiyo. Akasema tutajengewa uwezo, tutaingizwa kwenye mnyororo wa thamani, na uzalishaji wetu utakuwa endelevu. Akafungua semina kwa maneno makubwa ukutani: Fuata nyuki ule asali. Wanawake wa kuosha chupa wakapiga makofi, kwa sababu walidhani ndiyo mwisho.

Pale ilipokuwa kalenda yetu ikatundikwa skrini. Skrini ilionyesha umeme tunaotumia, maji tunayomwaga, na moshi ambao hatukujua kwamba tunao. Wiki ya pili umeme ulikatika siku nne mfululizo. Tukawasha jenereta, likanguruma uani na kututia masizi mpaka kwenye kanga. Ulipofika mwisho wa mwezi, mfumo ukatupongeza kwa kupunguza matumizi ya nishati kuliko mwezi mwingine wowote. Jenereta halikuwa limesajiliwa. Nilimwambia Mtaalamu, akaandika kwenye kishikwambi chake na kunishukuru kwa mrejesho. Mpaka leo jenereta halijasajiliwa.

Sasa, kiini cha uwazi kilikuwa mizinga. Kila mzinga ulioko msituni ulitakiwa kuwa na namba na mahali pake kwenye ramani. Kila ndoo ifungwe na namba ya mzinga wake. Kila chupa ibandikwe kimraba chenye vidoa vyeusi, mteja huko aliko akipiga picha kwa simu, aone msitu, aone mti, aone na sura ya mtu aliyerina. Mtaalamu akaenda Ipole, akawafundisha warina asali wa kikundi chetu siku nzima kwenye ukumbi wa kanisa, akawaachia simu mbili mpya. Maelekezo yalikuwa mepesi. Nenda kwenye mzinga wako, simama chini yake, bonyeza palipoandikwa HAPA.

Baada ya wiki mbili taarifa zikawa zimeingia zote. Hajji akaagiza chai na vitumbua, tukasimama mbele ya skrini, Mtaalamu akafungua ramani. Msitu ulikuwa mtupu. Kijani kitupu, upande hadi upande. Kisha akaanza kukuza picha, anakuza, anakuza, mpaka tukaona paa la bati na uwanja mweupe uliofagiwa. Mizinga yote ya kikundi, kila mmoja na namba yake, ilikuwa imerundikana mahali pamoja, uani mwa kanisa la Moravian, chini ya kengele.

Hajji aliisogelea skrini. Halafu akanigeukia, maana kanisa lile ndilo nililobatiziwa.

"Kwa hiyo asali yenu imebatizwa," akasema.

"Ndiyo maana inanunuliwa hata na Hajji," nikamjibu.

Mtaalamu hakucheka. Alirudi Ipole na semina ya pili, safari hii na soda na posho. Wakamsikiliza kwa heshima, wakauliza maswali mazuri, wakapiga picha ya pamoja. Taarifa zikaja tena. Nusu ya mizinga ilikuwa imebaki chini ya kengele, na nusu imehamia mlangoni kwa mwenyekiti wa kikundi, penye sola ya kuchajia simu. Semina ya tatu ikaitishwa. "Mchovya asali hachovyi mara moja," Hajji akasema akitia saini fedha za posho, akiwa na hakika kwamba wale watu wanakosea makusudi ili wanywe soda. Mizinga ikarudi yote kanisani. Kutoka ng'ambo mnunuzi akaandika kuuliza, kwa upole sana, kama nyuki hawasumbuliwi na sauti ya kengele.

Mtaalamu akaandika ripoti. Alinisomea kipande, kwa kuwa mimi ni mtoto wa kule. Ilisema kwamba wafugaji wa nyuki wana uelewa mdogo wa ramani, na kwamba zipo imani potofu za kuficha mizinga zinazokwamisha uwazi. Nami, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa kukubali. Nilimwongezea hata mifano. Nilimwambia kwamba kwetu mrina haonyeshi njia yake ya msituni, na ukimuuliza mtu mizinga yake mingapi atakwambia habari za mvua. Ni kweli, ndivyo tulivyo. Lakini nilivyoyasema, nilikuwa nawacheka watu wangu na mtu aliyewajua kwa siku tatu, nikiwa nimesimama kwenye sakafu ya vigae.

Kisha likaja neno la mwisho. Msimu huu ukiisha bila ramani ya kweli, mnunuzi anaondoka. Na hata kabla hajaondoka, mtu ambaye mzinga wake haujaonekana mahali pake, ndoo yake isipokelewe.

Hapo nikaacha kucheka, kwa sababu ya ndoo moja.

Baba yangu ana ukungu machoni. Hospitali walijaribu, jicho moja likapata nafuu kidogo, la pili likagoma. Misimu kadhaa sasa hajapanda mti wala kuingia msituni, na sisi watoto wake ndio tuliomkataza, tena kwa ukali, baada ya siku ile alipopotea kwenye njia aliyoipita maisha yake yote. Tangu hapo warina wenzake humrinia. Wanaingia msituni na mizinga yao, wanapitia na ya kwake, wanamletea ndoo yake nyumbani. Yeye huchovya kidole, hulamba, hukaa kimya kidogo, kisha huchora alama yake kwenye kifuniko kwa mkaa. Mistari miwili na msalaba mdogo, alama ileile aliyoichonga kwa kisu kwenye kila mzinga wake, nasi sote tunaijua. Ndoo ile moja ndiyo inayomfanya anyoe ndevu. Ikikaribia siku ya kurina utamsikia anaulizia mvua, anaulizia maua, anagombana na redio. Ikishapelekwa mjini, humwambia kila apitaye kwamba asali yake imekwenda kiwandani. Ndoo ikikataliwa, basi atakuwa mzee kipofu anayekaa kibarazani, naye mwenyewe alishaniambia kwamba hicho ndicho kitu pekee anachokiogopa.

Kuna jambo nililiona nikanyamaza. Asali ya baba haikuwa ya rangi moja. Nikifungua kifuniko nilikuta michirizi, nyekundu huku, nyeupe kule, na kidole changu kikasema miyombo na migunga kwa pamoja, na kitu kingine nisichokitambua. Baba alitundika mizinga yake sehemu moja tu, kwenye miyombo. Nikajiambia kwamba labda anazeeka, anaichanganya na masalio ya nyumbani. Nikaandika daftarini: maua mchanganyiko.

Nikamwomba Hajji anitume mimi. "Watanisikiliza," nikasema. Akanitazama kwa mashaka, akanipa kishikwambi na nauli.

Nilifika Ipole mchana. Nikapiga magoti kidogo nikamwamkia baba kwa Kinyamwezi, akaitikia, akanishika uso kwa viganja kuhakikisha kwamba sijakonda. Ndoo yake ya msimu huu ilikuwa pembeni ya kiti chake, imefungwa, kifuniko hakijachorwa. Alikuwa ananisubiri mimi niwepo.

"Wanataka kuona mizinga yako, baba. Kwenye simu."

"Waione," akasema. "Nina nini cha kuficha? Nenda na Mwenyekiti, mayo. Ukivuka korongo, fuata kichuguu kikubwa, utaona miyombo mitatu imesimama karibu karibu. Hapo." Mayo ni mama, ndivyo anavyoniita.

Mwenyekiti wa kikundi ni rika langu. Tulisoma darasa moja. Nilipomwambia tuondoke kesho asubuhi, akasema kesho kuna msiba. Nikauliza wa nani. Akafikiri. Akasema basi si msiba, ni nyegere, wameonekana nyegere upande ule na wanakuwa wakali. Nikamwambia nyegere hajawahi kula mtu mnene wa mjini. Akasema mvua. Nilipandwa na hasira. Nikamwambia mbele ya mkewe kwamba wao ndio wanaotuaibisha, kwamba watoto wa shule wanaweza kubonyeza HAPA, kwamba kwa ujinga wao baba yangu atanyimwa ndoo yake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Basi twende, dada," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

Asubuhi tukaingia msituni, yeye mbele. Mzinga wa kwanza ulikuwa wake, gogo lililotundikwa juu, nyuki wakiingia na kutoka. Nikaanza kuhangaika na kishikwambi, jua linanimulika kwenye kioo. Mwenyekiti akakichukua mkononi mwangu, akaongeza mwanga, akasubiri setilaiti zishike, akasogea hatua mbili penye uwazi wa matawi ili mahali pasome vizuri, akabonyeza. Akapiga picha ya alama iliyochongwa, akaikuza kuona kama imetulia. Alifanya yote hayo kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na panga.

"Kumbe unajua," nikasema.

"Dada, sisi hapa tunanunua bando kama watu wote."

Tukaenda hivyo mzinga hadi mzinga, wa huyu, wa yule, wa mjane mmoja anayerina mwenyewe vizuri kuliko wanaume. Kila mmoja aliubonyeza mahali pake hasa. Nilikuwa nimeanza kufurahi, nikiandaa kichwani maneno ya kumwambia Hajji. Kisha tukavuka korongo, tukafuata kichuguu, nikaiona miyombo mitatu. Mwenyekiti akasimama nyuma yangu.

Mzinga mmoja ulikuwa chini, umepasuka, mchwa wameujaza udongo. Wa pili ulikuwa bado juu, mweusi upande mmoja, mlangoni pake utando wa buibui. Wa tatu hata sikuuona, mpaka aliponionyesha kipande cha gogo kwenye majani. Nilikishika. Mistari miwili na msalaba mdogo. Nikasikiliza. Msitu mzima unaunguruma, pale kimya.

"Moto ulipita mwaka ule alioacha kuja," akasema Mwenyekiti. "Nyuki wakahama. Tulitundika upya mara mbili, hawakuingia. Tungemwambiaje? Alikuwa ameshakaa pale na ndoo yake tupu, ameiosha, anatusubiri. Tukasema kila mtu atie kopo lake. Mwaka ule tukatia. Mwaka uliofuata tungeachaje?"

"Na kengele?"

"Huyo kijana alisema mfumo ukishajua mizinga ilipo, watakuja wakaguzi, mmoja baada ya mwingine. Wakiona yetu watataka na ya mzee. Na kila ndoo ifungwe na mzinga wake. Ndoo ya mzee tungeifunga na mzinga gani? Tukaona afadhali tuonekane wajinga." Akacheka kidogo. "Ujinga haukaguliwi, dada. Ukiwa mjinga unaletewa soda."

Nililia, sioni haya kuliandika. Nililia kwa uchungu wa baba, na zaidi kwa aibu, nikikumbuka jana yake nilivyomfokea mtu huyu mbele ya mkewe, na nilivyosimama kwenye vigae nikitikisa kichwa. Mimi, mwenye ulimi wa kuonja, nilikuwa nimeonja kijiji kizima kwenye ndoo ile nikaandika maua mchanganyiko.

Nilipomaliza kujifuta nikakiwasha kishikwambi. Jina la baba lilikuwepo, limebaki peke yake bila alama ya kijani. Nikapiga picha ya mzinga uliobaki juu, kwa upande usioungua. Mfumo ukauliza: Je, mzinga una nyuki? Chini yake NDIYO na HAPANA. Na chini zaidi, kwa herufi ndogo, ukaeleza kwamba ukijibu HAPANA, mfugaji ataondolewa kwenye orodha. Nilitafuta jibu jingine. Nilipekua kurasa zote. Walikuwa wameweka mahali pa kujaza upepo unavuma kutoka wapi, lakini mahali pa kujaza majirani hawakuweka.

Nikabonyeza NDIYO. Mfumo ukafikiri, ukaniwekea tiki ya kijani, ukaandika: Hongera! Taarifa zako zimekamilika na ni za kuaminika.

Mwenyekiti alisoma begani kwangu. "Ameamini," akasema.

Tuliporudi, baba alikuwa palepale kibarazani, amenyoa, anasokota kamba ya magome ambayo hakuna mzinga utakaoihitaji. Alizitambua hatua zangu.

"Mmefika?"

"Tumefika, baba."

"Umewaona nyuki?"

"Nimewaona. Wamejaa. Unawasikia tangu kwenye korongo."

Akaacha kusokota. Alipapasa pembeni, akaipata ndoo, akafungua kifuniko, akachovya kidole, akalamba. Alifumba macho ingawa hayana tena haja ya kufumbwa. Kisha akachovya upande wa pili wa ndoo, akalamba tena.

"Hii ya Mwenyekiti, kule mbugani kwenye migunga," akasema polepole. "Hii ya yule mjane, huwa anawahi kurina, ona ilivyo nyepesi. Hii hapa ya mtoto wa jirani yetu, bahili kama baba yake, katia kidogo." Akafuta kidole kwenye kamba. "Usiwaambie kwamba najua. Wataona haya."

Alinyoosha mkono mpaka akanipata begani.

"Na mwaka huu wewe nawe umetia kopo lako, mayo. Haya, niletee mkaa."